Pedi ya gemu yenye stiki za sumaku: uzoefu wangu, na mambo ambayo boksi halisemi

Hujashika kitu, pedi iko mezani, na mchezaji wako anajivuta kushoto taratibu. Kwenye gemu za kulenga ndo mateso kabisa, kamera inazunguka yenyewe, unalenga kichwa risasi inaenda ukutani. Hiyo ndo drifti na kila anayecheza kwa pedi siku hizi anaijua. Pedi zangu zilizopita zimekufa kwa drifti, siyo kwa kuanguka wala kwa betri, ndo nikaamua nijaribu hizi za stiki za sumaku (stiki ni vile vijiti viwili vya kusukuma na dole gumba) ambazo wenyewe wanaziita Hall efekti. Nimeitumia muda wa kutosha, kwenye kompyuta na kwenye simu, sasa naweza kuongea. Jina la kampuni naliacha sababu nina malalamiko pia, na sitaki tuishie kubishania jina badala ya kitu chenyewe, halafu kwa kweli pedi za aina hii ziko kibao na ukizifungua ndani zinafanana sana.

Tuanze na drifti inatoka wapi maana bila hapo hutaelewa kwa nini naisifia. Pedi ya kawaida, chini ya kile kikofia cha mpira unachosukuma na dole gumba kuna kijiboksi, na ubavuni mwa kijiboksi kuna vipimio viwili vidogo, kimoja kinapima kushoto na kulia, kingine juu na chini. Ndo potenshiometa hizo, kazi ileile inayofanywa na kitufe cha kuzungusha sauti kwenye redio za zamani. Ndani kuna njia nyembamba ya kaboni na kiulimi cha chuma kinachoteleza juu yake, ukisukuma stiki kiulimi kinahama, umeme unabadilika, pedi inajua umesukuma kiasi gani. Ikiwa mpya inafanya kazi safi sana, hakuna ubishi. Ila kile chuma kinasugua kaboni kila unapogusa stiki, na ukicheza mpira au gemu za risasi hutoi kidole, basi kidogo kidogo kaboni inalika, hasa pale katikati ambapo stiki inapita kila mara ikirudi. Pedi yangu moja iliposhindikana niliifungua, nikabandua kile kifuniko kidogo cha ubavuni, nikakuta ile njia nyeusi ina mchirizi unaong'aa sehemu moja tu, pale katikati, pembeni yake vumbi laini ambalo ukiligusa linabaki kidoleni. Hapo hata upulize, hata umwagie dawa ya kusafishia, unajipa wiki mbili tatu za amani inarudi palepale, kaboni iliyolika hairudi.

Stiki za sumaku zinaondoa huko kusugua. Kuna kisumaku kinachosogea pamoja na stiki, na karibu yake kuna sensa ambayo haiguswi na kitu, stiki ikiinama sumaku inasogea, sensa inasoma nguvu ya sumaku ilivyobadilika, kazi imekwisha. Kanuni yenyewe aliigundua Mmarekani mmoja, Edwin Hall, mwaka 1879, ndo jina lilikotoka. Na wala msidhani kuiweka kwenye pedi ni uvumbuzi wa juzi! Sega, kampuni ya gemu ya Japani, waliiweka kwenye ile pedi ya 3D ya konsoli yao (mashine ya gemu ya kuchomeka kwenye TV) ya Saturn mwaka 1996, halafu wakairudia kwenye Dreamcast iliyotoka Japani 1998, stiki sumaku na triga sumaku, triga ni zile batani za juu unazovuta kwa kidole cha shahada. Yaani dawa ilipatikana kabla wengi wenu hamjashika pedi. Sema Sega waliacha kutengeneza konsoli mwaka 2001, na njia iliyoenea ikawa ile ya kaboni, ya DualShock ya PlayStation ya 1997 na ndugu zake, sababu ni rahisi na kila kiwanda kinaijua. Matokeo yake ilifika mwaka 2020 rais wa Nintendo, Furukawa, anaomba radhi kwa usumbufu wa Joy-Con, zile pedi za konsoli yao ya Switch zilizosumbua kwa drifti, na bado Joy-Con 2 za 2025 zimekuja bila Hall efekti. Mi hilo ndo linaniudhi kuliko drifti yenyewe, dawa ipo na tunaendelea kuuziwa ugonjwa.

Haya, pedi yenyewe. Siku ya kwanza hutaona tofauti yoyote, nasema mapema ili usije ukasikitika. Stiki ni stiki. Tofauti niliiona kwenye ile kurasa ya kujaribia pedi kwenye brauza, ile inayokuonyesha namba kuanzia hasi moja mpaka moja, nikasukuma stiki pande zote nikaachia, nikasukuma nikaachia, inarudi sifuri au kitu kidogo sana karibu na sifuri kila mara. Pedi yangu ya kaboni ilipokuwa mpya ilikuwa inarudi mara hapa mara pale, tofauti ndogo lakini ipo. Na hiyo ndo raha yenyewe, sababu gemu karibu zote zina ile dedizoni, yaani eneo pale katikati ambalo gemu linajifanya halioni ukisukuma, limewekwa makusudi kuficha makosa ya stiki. Ukiwa na stiki inayorudi vizuri unaingia setingi unaishusha dedizoni mpaka karibu na sifuri, na hapo ndo nilipoanza kushangaa, ukigusa tu kidogo kamera inasogea kidogo, kulenga mtu wa mbali imekuwa kitu kingine kabisa. Niliporudi kwenye pedi ya zamani kwa muda nikaona kabisa kuna sehemu nasukuma na hakuna kinachotokea. Kwenye gemu za magari ndo usiseme, unakata kona kwa kusukuma nusu na gari linakata nusu kweli.

Na muda umepita, nimecheza sana, stiki bado iko vilevile kwenye zile namba. Hapo nimeridhika kabisa.

Ila sasa, watu wanauza hizi pedi kwa kusema hazitadrifti milele, na hilo siyo kweli hata kidogo. Kilichoondolewa ni kulika kwa kaboni tu. Stiki bado inarudishwa katikati na springi ya chuma, na springi ikichoka stiki hairudi sawasawa hata sensa iwe nzuri vipi, sensa itasoma kwa uaminifu kabisa kwamba stiki imelala upande! Halafu kuna plastiki. Nintendo 64 ya mwaka 1996 stiki yake haikuwa na kaboni pale, ilikuwa inasoma kwa mwanga, kuna vigurudumu vyenye matundu vinavyokata mwanga na pedi inahesabu, sasa utasema basi ile haikufa, ilikufa sana tu, sababu kile kijiti cha plastiki kilikuwa kinasuguana na bakuli lake la plastiki mpaka kinatoa unga mweupe na stiki inalegea yote. (Ndo konsoli hiyohiyo ya Mario Party, ile michezo ya kuzungusha stiki kwa kiganja, watu walichubuka mpaka mwaka 2000 Nintendo wakakubaliana na mwanasheria mkuu wa New York kugawa glovu. Glovu za kuchezea gemu, fikiria.) Kwa hiyo ukinunua pedi ya sumaku angalia pia ile ringi inayozunguka shimo la stiki, pale shingo ya stiki inapogonga ukisukuma mpaka mwisho. Yangu ni ya chuma kilichopigwa msasa laini, inateleza vizuri, lakini shingo ya stiki ni plastiki na nimeshaanza kuona ukungu mweupe pale inapogusa. Haijaharibu kitu bado. Naiangalia tu.

Jambo lingine ambalo sikulisoma popote, sumaku ni sumaku. Nilikuwa nimeiweka pedi karibu na spika kubwa, menyu ya gemu ikaanza kushuka yenyewe, nikajua basi, tumerudi kulekule. Nikaisogeza, ikaacha. Nikaisogeza tena karibu, ikaanza. Nikachukua kava ya simu yenye sumaku nikaipitisha juu ya stiki huku naangalia zile namba kwenye kompyuta, namba zinapanda na kushuka bila mtu kugusa stiki, nikacheka mwenyewe. Siyo tatizo kubwa, pedi ukiwa umeishika spika haiko hapo, ila kama una kile kishikizo cha simu cha sumaku na unataka kukibandika juu ya pedi ucheze gemu za simu, achana nacho, tafuta cha kubana.

Na hapa kuna ujanja wa baadhi ya watengenezaji ambao inabidi muujue. Sensa ya bei ya chini namba zake zinatetema, hata stiki ikiwa imetulia inacheza cheza kidogo, sasa badala ya kuweka sensa nzuri wanaweka dedizoni ndani ya pedi yenyewe, kwenye programu yake, na hiyo huwezi kuitoa kwenye setingi za gemu. Unaona namba imetulia sifuri unasema hii kiboko, kumbe imezibwa mdomo. Kujua ni rahisi, sukuma stiki polepole mno kutoka katikati huku macho yako kwenye namba, kama inaruka ghafla kutoka sifuri mpaka sehemu fulani ujue kuna dedizoni imefichwa, kama inapanda taratibu basi uko salama. Yangu ilikuja hivyohivyo imezibwa na kulikuwa na njia ya kuzima kwa kushikilia batani mbili pamoja, jambo lililoandikwa kwenye karatasi kwa maandishi ya kusoma na darubini. Baada ya kuzima ndo nilipata ile stiki ninayoisifia huku juu. Ningekuwa sijasoma ile karatasi ningeandika rivyu nyingine kabisa.

Triga nazo ni sumaku, zinasoma kiasi ulichovuta, na nyuma kuna kiswichi cha kukata safari ya triga ziwe fupi kama kubonyeza mausi, kwa gemu za risasi ni tamu sana. Sema ukiwa umekata, kwenye gemu za magari huna tena nusu gesi, inabidi ukumbuke kurudisha kiswichi, na mimi hilo limenichosha nimeziacha ndefu muda wote. Triga za DualSense, pedi ya PlayStation 5 ya 2020, zile zinazokaza zenyewe, unavuta upinde unausikia mzito, huku hakuna. Watu wanazisifia sana na mi nimezitumia, zinafurahisha mwanzoni kisha unaenda setingi unazima ili kidole kisichoke. Mtetemo wa pedi hii upo, wa kawaida, motor mbili za kuzunguka, hauna mbwembwe, tusonge mbele.

D-pedi ndo imeniangusha. Ile alama ya msalaba tunayoiona kila pedi ilitoka kwa Gunpei Yokoi wa Nintendo, kwenye kale ka-Game & Watch ka Donkey Kong, kagemu kadogo ka mkononi, mwaka 1982, na mwaka uliofuata ikawa kwenye Famicom, konsoli yao. Siri yake iko katikati chini, kuna kama nundu inayofanya msalaba upepesuke, ukibonyeza kulia kushoto kunanyanyuka, basi huwezi kubonyeza pande mbili zinazopingana kwa bahati mbaya, na dole gumba linajua liko wapi bila macho. Kitu kidogo, cha plastiki, na miaka zaidi ya 40 baadaye kuna watu wanashindwa kukiiga. Kwenye pedi yangu wameweka msalaba juu ya sahani ya duara, inapendeza kwa macho, ila nundu ni fupi, ukibonyeza kulia kwa nguvu na juu inaingia. Kwenye gemu za kupigana hii ni kifo, unataka kusogea mbele mtu wako anaruka, na akiruka tu kashapigwa ngumi hewani. Nimejaribu kubonyeza taratibu lakini nani anabonyeza taratibu katikati ya ugomvi? Kwenye batani za A B X Y hakuna shida, zina kimlio kidogo cha swichi, siyo ule mpira laini wa kawaida, mwanzoni kelele zilinikera, sasa nimezoea na zinajibu haraka.

Batani za nyuma, mbili, moja kila upande chini ya kidole cha kati. Hizi zilikuwa za pedi za bei mbaya tu na zimepiganiwa mpaka mahakamani, mwaka 2021 baraza la mahakama Marekani liliamua Valve, wenye lile duka la gemu za kompyuta la Steam, walipe fidia ya dola milioni 4 sababu ya batani za nyuma za Steam Controller, pedi yao ya 2015, hataza (haki ya uvumbuzi) ilikuwa ya kampuni nyingine. Leo pedi nyingi za bei ya kawaida zinazo. Mi nimeweka kuruka kwenye ya kulia, ili dole gumba lisitoke kwenye stiki ya kamera wakati wa kuruka, na ukishazoea hivyo kurudi nyuma ni kazi. Ubaya wa za kwangu ni ndogo na ziko pale pale unaposhikia, ukistuka tu umeruka.

Sasa jairo. Boksi limeandika ina jairo, ile ya kuhisi pedi inavyoinamishwa, na hiki kitu nakipenda kufa, unalenga kwa stiki kisha unamalizia kwa kugeuza mikono kidogo tu, ukiijua vizuri unalenga kuliko wengi. Nikaunganisha na kompyuta, hakuna jairo. Nikatafuta, nikatafuta, kumbe pedi ikiwa kwenye mfumo wa Xbox kompyuta inaongea nayo kwa XInput ya Microsoft, utaratibu wa enzi za Xbox 360, na XInput haina nafasi kabisa ya jairo, inajua stiki mbili, triga mbili, d-pedi na batani, basi. Kuipata inabidi uwashe pedi ikiwa kwenye mfumo wa Switch halafu upitie Steam, hapo inaonekana, sema ukiwa kwenye mfumo wa Switch triga zinakuwa ni kuwaka na kuzima tu, hakuna nusu, sababu pedi za Switch ndivyo zilivyo. Kwa hiyo una jairo au una gesi ya nusu, chagua. Boksi limeandika vyote viwili kana kwamba vinakaa pamoja! Hili nimewaandikia watengenezaji, wakanijibu nifanye apudeti, nikafanya apudeti, programu yao inataka simu na akaunti na ruhusa ya kujua nilipo, pedi ya gemu inataka kujua nilipo ya nini? Apudeti ikaisha, hali ni ileile.

Muunganiko, tumia kile kidude cha USB kinachokuja nayo, siyo bluetuthi, kama unacheza na watu mtandaoni. Kwa bluetuthi kuna kuchelewa kidogo, kwenye gemu za mpira sikuona, kwenye gemu za kufuata mdundo nilikuwa nakosa midundo niliyobonyeza vizuri kabisa. Kwa waya ni safi. Betri inakaa siku kadhaa kwa uchezaji wangu, sensa za Hall zinakula umeme kuliko kaboni kwa hiyo usitegemee miujiza.

Kuna watu wananiuliza kama wasubiri TMR, ambayo ni aina nyingine ya kusoma sumaku, nayo haisuguani na kitu, inakula umeme kidogo na inasoma kwa undani zaidi. Zimeshaanza kuja kwenye pedi za kawaida. Nimeshika moja ya rafiki, kwa mikono yangu sikuona tofauti na hii, kwenye zile namba niliona kama imetulia zaidi kidogo. Kama huna pedi inayofanya kazi saa hizi usisubiri. Kama unayo nzuri ya kaboni na unajua kulehemu, au una fundi asiyeogopa kutoa miguu yote ya stiki bila kuunguza bodi, unaweza kununua stiki za sumaku peke yake ukabadilisha, ila baada ya hapo lazima pedi ifundishwe upya katikati ni wapi, na kuna pedi ambazo hilo ni shughuli pevu.

Kwa hiyo mgawanyo wangu sasa hivi uko hivi, gemu za risasi, magari na mpira nacheza na hii ya sumaku, dedizoni iko chini kabisa, batani za nyuma zimewekwa. Gemu za kupigana nina pedi ya zamani ya waya ambayo stiki ya kushoto imeshajifia, inajivuta vibaya sana, lakini d-pedi yake ni safi na kwenye kupigana stiki siigusi.